Shajara ya mradi: White Rim kwa baiskeli, siku tatu jangwani Utah

Mradi ni kuuzunguka ukingo wa mwamba mweupe uitwao White Rim, ulio chini ya uwanda wa juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, jimbo la Utah, Marekani. Kikosi ni watu 8: saba kwenye baiskeli, mmoja kwenye gari la mizigo, na dereva hubadilishwa kila siku. Mzunguko mzima una yapata kilomita 160. Karibu zote ni barabara ya vumbi, changarawe, mchanga na mwamba mtupu, na huko chini hakuna duka, bomba la maji wala fundi. Kwa ufundi wa kuendesha, njia hii haimshindi mtu mwenye mazoezi ya wastani. Ugumu wake uko kwenye maji, mchanga na hesabu ya safari, ndiyo maana sehemu kubwa ya shajara hii imeandikwa kabla baiskeli haijagusa vumbi.

Novemba: kibali

Kila anayeingia White Rim anahitaji kibali, awe analala huko au anapita siku moja tu. Vibali vya kulala hufunguliwa mtandaoni takriban miezi minne kabla ya msimu kuanza, kwa hiyo anayetaka Aprili anaomba Novemba. Tarehe za Aprili, Mei na Oktoba huisha haraka kwa sababu ndiyo miezi yenye joto la kustahimilika. Julai na Agosti nafasi hupatikana kirahisi, lakini joto hupita nyuzi 38 na kivuli hakuna. Hatupendekezi miezi hiyo hata kwa wazoefu.

Kambi huchaguliwa wakati wa kuomba, na ukishachagua umefungwa nazo: hairuhusiwi kulala mahali pengine popote. Usiombe kibali kabla ya kupanga kilomita za kila siku. Sisi tumechukua Gooseberry usiku wa kwanza na Candlestick usiku wa pili. Kwa kukadiria kutoka kituo cha wageni cha Island in the Sky, yaani uwanda wa juu, ukishuka kwa kona za Shafer: kambi ya Airport iko kilomita 30, Gooseberry 47, White Crack 62 pamoja na mchepuko wake, Murphy Hogback 72, Candlestick 88, Potato Bottom 105. White Crack ina mandhari kuliko zote, lakini ina nafasi moja tu ya kambi na hugombewa sana. Ukiikosa, panga kupita hapo mchana.

Hali: kibali kimepatikana, wiki ya mwisho ya Aprili.

Desemba: upande wa kuanzia

Kuna njia mbili za kushuka kutoka uwanda wa juu: kona za Shafer upande wa mashariki na kona za Mineral Bottom upande wa magharibi. Tumeamua kushukia Shafer na kutokea Mineral Bottom. Gari likiwa na mzigo wote wa maji wa siku ya kwanza, ni afadhali lishuke nao kuliko lipande nao, na mpando wa mwisho tutaukuta madumu yakiwa yamebaki matupu. Isitoshe, mwinuko mkali wa Murphy Hogback unaangukia asubuhi ya siku ya pili, miguu ikiwa imepumzika.

Tutaishia juu ya kona za Mineral Bottom na kupakia baiskeli hapo. Kipande kinachobaki ni kilomita 21 za changarawe kisha lami kurudi kituoni, zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, na hakina lolote la kutazama baada ya yale ya chini. Anayetaka mduara kamili aumalize, lakini ajue upepo wa alasiri huko juu hauna kizuizi.

Barabara yenyewe ilichongwa miaka ya 1950 na Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ili watafuta urani wafikie tabaka za mwamba. Madini yaliyopatikana yalikuwa kidogo, barabara ikabaki, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Historia hii ina maana kwa mwendeshaji wa leo: njia ilikatwa kwa ajili ya malori, kwa hiyo miinuko yake mikali ni michache na hujulikana kwa majina.

Januari: baiskeli

Baiskeli zote saba ni za milimani, magurudumu ya inchi 29. Nne zina shokapu za mbele tu, tatu zina za mbele na nyuma. Kwa njia hii shokapu za mbele zinatosha, na baiskeli nyepesi ina faida kwenye mchanga.

Tairi: upana usipungue inchi 2.3, zisizo na tyubu ndani. Kila tairi imetiwa mililita 100 hadi 120 za ute wa kuziba pancha. Hewa kavu ya jangwani hukausha ute huo mapema, kwa hiyo uliotiwa vuli iliyopita tumeuhesabu kuwa haupo, tukafungua na kutia mpya. Adui wa tairi hapa ni mbigili, ileile inayowachoma watoto miguu huku kwetu. Imesambaa hadi Utah na hukaa kwenye maegesho, kandokando ya barabara na penye udongo uliokanyagwa. Kanuni ya kambini ni kubeba baiskeli begani, si kuisukuma. Mbigili ikishaingia, usiing'oe kwa pupa: zungusha gurudumu ili ute ufike upande wa tundu, ndipo uing'oe.

Shinikizo la hewa ya tairi: kwa mtu wa kilo 75, tumeanzia psi 20 mbele na 23 nyuma. Kwenye mchanga mrefu unaweza kupunguza psi 3. Ukipunguza zaidi, vidaraja vya mwamba mweupe, yaani ngazi ndogo za mwamba, vitagonga rimu na kukata ukuta wa tairi, na mkato wa ukutani hauzibwi na ute. Kwa ajili yake tumebeba vipande vya mpira vya kuchomeka, sindano nene na uzi wa nailoni wa kushonea, na kiraka kinene cha kuweka ndani kabla ya kuingiza tyubu.

Mnyororo: umepimwa kwa kipimo cha kuvutika. Kwa gia 11 au 12, ukifika asilimia 0.5 unabadilishwa. Ukiuacha unakula meno ya gia za nyuma, na gharama hupanda mara kadhaa. Mafuta mazito yamepigwa marufuku kikosini, kwani yakichanganyika na mchanga wa Utah huwa kama msasa. Tumesafisha minyororo yote hadi ikawa mikavu, tukapaka nta. Kila jioni itafutwa kwa kitambaa kikavu na kupakwa nta upya, ikae usiku kucha.

Breki: pedi zote zilizobakiwa na chini ya milimita 1.5 za kitu chenyewe zimetolewa, na mpya ni za chuma, zinazovumilia joto na mchanga kuliko za kawaida ingawa hupiga kelele. Pedi mpya lazima zizoeshwe na diski kabla ya mteremko wa kweli: kimbia, kamata breki hadi ukaribie kusimama, achia, rudia mara ishirini hivi kwa kila gurudumu. Baiskeli mbili zilikuwa na mkono wa breki unaozama hadi usukani. Hiyo ni hewa ndani ya mrija. Zimetolewa hewa na kuongezwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, maana mafuta ya madini na yale ya DOT hayachanganywi. Mpira wa ndani huvimba na breki hufa.

Gia: ya mbele iwe na meno 30 au 32, na kubwa ya nyuma meno 50 au 51. Aliye na ya mbele ya meno 34 amebadilisha. Hardscrabble, mwinuko wa siku ya tatu, hauna huruma.

Sanduku la vipuri la kikosi: tyubu 10, tairi 1 nzima ya kukunja, ute lita 1, spoki 4 kwa kila urefu, viungo vya mnyororo 6, waya za gia 3, pedi za breki seti 4, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma, kimoja kwa kila aina ya fremu. Hicho cha mwisho ndicho husahauliwa. Baiskeli ikiangukia kulia hupinda chenyewe ili fremu ipone, na bila cha kubadilisha gia zinakataa. Vya baiskeli moja haviingii kwenye nyingine, kwa hiyo agiza mapema.

Februari: maji

Hapa ndipo mradi unapofaulu au kuvunjika. Hifadhi hushauri angalau lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa anayepiga pedeli juani hiyo ni kunywa tu, tena siku ya baridi. Hesabu yetu:

watu 8 × lita 8 × siku 3 = lita 192
akiba ya siku moja, lita 4 × watu 8 = lita 32
kuosha vyombo na mikono = lita 16
jumla = lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20.

Ni kilo 240 za maji peke yake, na ndiyo sababu ya gari. Madumu ni madogo kwa makusudi. Tangi moja kubwa likipasuka kwenye vidaraja vya mwamba, safari imekwisha hapohapo. Dumu moja likivuja unapoteza lita 20. Kila dumu limejazwa na kulazwa ubavu usiku mmoja juu ya gazeti kavu. Mawili yalilowesha karatasi kwenye kizibo. Mipira yake imebadilishwa.

Kila mwendeshaji anabeba lita 4.5: mfuko wa mgongoni wa lita 3 na chupa mbili za mililita 750. Gari linaweza kuwa saa nzima nyuma, kwa hiyo hakuna anayeondoka kituoni na chini ya lita 3. Mrija wa mfuko huzibwa na vumbi mdomoni mwake, basi ufunike.

Maji matupu hayatoshi. Anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji tu huishusha chumvi ya damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani ana kiu. Chupa moja kati ya mbili itakuwa na chumvi na sukari. Mchanganyiko unaojulikana kila zahanati, wa lita 1 kwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, tumeuweka kwa atakayeumwa. Kwa safari tunatumia nusu ya hivyo na ndimu. Karanga za chumvi na viazi vya kuchemsha vinasaidia zaidi ya peremende.

Mto Green unafikika upande wa magharibi, lakini maji yake ni tope jembamba linaloziba chujio kwa dakika chache. Kama dharura ikilazimisha: chota kwenye ndoo, tia shabu robo kijiko cha chai kwa lita 8, koroga, acha tope litulie chini, mimina yaliyo juu bila kuyatibua, kisha chuja na uchemshe. Shabu husafisha maji kwa macho tu, haiui vijidudu. Tumebeba gramu 100.

Machi: gari na mizigo

Gari liwe na nguvu za magurudumu yote manne pamoja na gia nzito, na tumbo lililoinuka. Gari la chini halifiki Gooseberry salama. Kuvutwa kutoka huko gharama hupita dola 1,000, kwa hiyo vimewekwa: gurudumu la akiba kamili, jeki na ubao wa kuiweka juu ya mchanga, koleo, mkanda wa kuvutia, pampu ya umeme na kipimo cha upepo wa tairi. Mzigo mzito, yaani maji, uko sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiweka madumu juu ya keria, gari linayumba kwenye vidaraja vilivyolalia upande wa genge.

Simu hazishiki sehemu kubwa ya njia. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kiko kwa mwendeshaji wa mwisho, si ndani ya gari, kwa sababu anayeanguka yuko barabarani na gari linaweza kuwa mbali.

Kambi zina vyoo vya shimo. Kati ya kambi moja na nyingine havipo: kila mtu ana mifuko miwili ya haja kubwa, na inarudi na gari. Tunapikia gesi. Mbwa hawaruhusiwi hata wakikaa ndani ya gari.

Jaribio la mzigo limefanyika kwenye barabara ya mchanga nje ya hifadhi, madumu yakiwa yamejaa. Kilichoonekana: keria ya baiskeli ya nyuma ilikuwa ikigusa ardhi kwenye vidaraja. Imetolewa.

Aprili: njiani

Siku ya 1, Shafer hadi Gooseberry, kilomita 47. Kuondoka saa 12 na nusu asubuhi, nyuzi 6. Kona za Shafer zinashuka zaidi ya mita 400. Njia hii ilianza kama mapito ya wenyeji wa kale, familia ya Shafer ikaifanya ya kupitishia ng'ombe, kisha malori ya urani yakaipanua. Usikokote breki muda wote, zinachemka na kung'ara. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Gari linalopanda lina haki ya kupita. Simama upande wa ukuta wa mwamba, si upande wa bonde.

Chini kabisa barabara inapanda juu ya mwamba mweupe wenyewe. Hizi zilikuwa tuta za mchanga kando ya bahari ya kale, zikagandamana kuwa mwamba mgumu unaofunika udongo mwekundu laini chini yake. Penye ufa, maji hula udongo na ukingo hubomoka, na ndivyo korongo zilivyochongeka. Musselman Arch ni daraja la mwamba lililolala sawasawa na ukingo. Kukanyaga juu yake ni marufuku. Watu wote wameridhika na picha za pembeni.

Pancha 2, zote za mbigili, zote kutoka maegesho ya asubuhi. Maji yaliyotumika: lita 58.

Udongo mweusi wenye vijidonge kando ya barabara ni hai. Vijidudu vyake hushika mchanga usipeperuke na hulisha mimea naitrojeni. Alama moja ya tairi huchukua miaka mingi kupona. Anayepisha gari asimame kwenye mwamba au ndani ya njia, hata kama ni lazima avute baiskeli nyuma.

Siku ya 2, Gooseberry hadi Candlestick, kilomita 41, pamoja na mchepuko wa White Crack kwa baadhi. Kabla ya mchepuko huo iko Monument Basin: nguzo nyembamba nyekundu, kila moja ikiwa na kofia ya mwamba mweupe. Hapo ndipo maelezo ya jana yanaonekana kwa macho, mahali ambapo kofia imeanguka nguzo inayeyuka.

Murphy Hogback ni mwinuko mfupi, mkali, wenye kokoto zinazoteleza chini ya gurudumu la nyuma. Kaa mbele ya kiti, inamisha kifua, usisimame juu ya pedeli maana gurudumu linapoteza mshiko. Watatu walipanda bila kushuka, wanne walisukuma. Kusukuma baiskeli ukiwa na lita 4.5 za maji hakupotezi zaidi ya dakika chache. Gari lilipanda kwa gia nzito ya kwanza, mtu mmoja akielekeza kwa mikono.

Alasiri upepo wa kusini magharibi ulikuwa usoni. Tuliendesha kwa mstari, wa mbele akibadilishwa kila dakika tano. Maji: lita 66. Spoki moja ilikatika upande wa gia. Imebadilishwa kambini, rimu ikanyooshwa kwa kulinganisha na kipande cha kijiti kilichofungwa kwenye fremu.

Siku ya 3, Candlestick hadi juu ya Mineral Bottom. Hii ndiyo siku ya mchanga. Kuanzia Potato Bottom barabara inakaribia Mto Green, na mchanga ni laini kama unga. Umande wa alfajiri hufanya uso wake ushike kidogo, basi tuliondoka saa 12 kamili. Namna ya kupita: shusha gia kabla ya kuingia, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, endelea kupiga pedeli kwa mzunguko uleule, na usikate kona. Gurudumu la mbele likianza kupotoka, wacha lipotoke, litarudi lenyewe, anayelipigania huanguka. Mei na Juni theluji ya milimani ikiyeyuka, mto unaweza kufurika hadi barabarani sehemu hii na njia ikafungwa. Uliza kituoni siku ya kuingia.

Hardscrabble wote walipanda wakisukuma baiskeli, isipokuwa mmoja. Fort Bottom tuliifikia kwa miguu tu, baiskeli haziruhusiwi kwenye njia hiyo. Kuna mnara wa mawe uliojengwa na watu wa kale wa Pueblo, na mkono haugusi ukuta.

Mpando wa Mineral Bottom ni yapata mita 300 za kwenda juu. Kona zake zilibomolewa na mafuriko Agosti 2010 na kujengwa upya. Udongo wake ukilowa hugeuka gundi: hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome. Mvua huboresha mchanga na kuharibu udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo utabiri wa siku ya tatu ndio unaotakiwa kusomwa kwa makini kuliko wa siku mbili za mwanzo. Kwetu ilikuwa kavu. Maji: lita 52.

Mei: marekebisho

Jumla ya maji ni lita 176 kati ya 240. Akiba haikuguswa na haitapunguzwa: joto la juu lilikuwa nyuzi 27, na wiki mbili baadaye lingeweza kuwa 35.

Baiskeli zimeoshwa kwa ndoo na brashi. Bomba la shinikizo husukuma mchanga ndani ya beringi. Mihuri ya shokapu imefutwa na kupakwa mafuta yake. Kwenye mbili kulikuwa na mchanga chini ya mpira, na hizo zimefunguliwa zote. Minyororo imepimwa: mmoja umefika 0.5 na umetolewa.

Yanayobadilika kwenye orodha: tyubu 10 zinashuka hadi 7, vipande vya kuchomeka vinaongezwa mara mbili, zulia kukuu la kusimamishia baiskeli kambini linaingia, na koleo la pili linaingia kwa ajili ya Potato Bottom. Maombi ya kibali kingine yako tayari, tarehe za Oktoba, kwa mpango uleule isipokuwa usiku wa kwanza White Crack.